Darkling: neno la aliyebaki gizani

Mfalme Lear, katika tamthilia ya Kiingereza ya Shakespeare, ameshaharibu. Ameigawa nchi yake kwa mabinti wawili waliomsifu kwa maneno ya asali, amemfukuza wa tatu aliyekataa kujipendekeza, na sasa amehamia kwa Goneril, binti mkubwa, pamoja na askari wake mia moja. Goneril ameshamchoka. Anamkaripia baba yake mbele ya watu na mfalme anaduwaa. Pembeni amesimama chale wa mfalme, mtu pekee mle ndani mwenye ruhusa ya kusema kweli, kwa kuwa kweli yake huja imevaa utani. Chale anamtaja ndege mdogo aliyelea kinda la ndege mwingine, hata kinda lilipokua likamkata kichwa mlezi wake. Halafu, bila kuunganisha lolote, anasema mshumaa ukazimika, nasi tukaachwa "darkling".

Basi. Shakespeare hafafanui, Lear hajibu, na maneno mengine yanafuata juu yake kama vile hakuna kilichosemwa.

Nilikutana na sentensi hiyo nikiwa kidato cha tano, katika nakala ya shule iliyokuwa imekwisha kupoteza jalada. Chini ya ukurasa mhariri ameweka maana kwa neno moja: gizani. Sina ugomvi na maana hiyo. Ila nimelifuata neno lenyewe tangu wakati ule, kwa mapenzi tu wala si kwa kazi, na kadiri ninavyolifuata ndivyo ninavyoona kuwa halikuletwa kueleza giza. Linamweleza aliyemo ndani ya giza: kutoona kwake, na kile anachoendelea kukifanya bila kuona. Washairi walioliheshimu hivyo limewalipa vizuri. Waliolichukua kama pambo la usiku limewaachia ukungu tu.

Umeme ukikatika saa mbili usiku, hakuna mtu nyumbani anayeanza kusimulia giza lilivyo. Mmoja anaita, "Mama, uko wapi?" Mwingine anasema usisogee, hapo chini kuna maji ya moto. Mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza ghafla. Kila mtu amegeuka kuwa mtu wa namna nyingine kwa dakika chache, anasikia zaidi, anapapasa, anapunguza sauti bila sababu. Chale wa Lear anasema hilo. Hasemi giza liliingia. Anasema sisi tuliachwa tukiwa hivyo. Anatumia wingi, na anajihesabu. Baadaye katika tamthilia hiyo mfalme atatangatanga porini usiku wa tufani, na Gloucester, mzee mwingine aliyemwamini mtoto asiyefaa, atang'olewa macho mawili mbele ya hadhira. Kwa hiyo ule mzaha wa mshumaa ulikuwa taarifa.

Kisarufi, "darkling" ni kielezi cha zamani sana. Kilikuwepo katika Kiingereza cha karne ya 15. Kiambishi chake cha mwisho si kile kilichomo katika jina la kinda la bata, "duckling", wala hakina uhusiano na "-ing" ya vitenzi, ingawa jicho linadanganyika kwa urahisi. Ni kiambishi kingine, kilichokuwa kikiunda vielezi vya namna mwili ulivyokaa au unavyoelekea. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana tunavyo vielezi vya ukoo huo: kifudifudi, kingalingali, kichwachini. Kiingereza kilikuwa na "groveling", yaani kifudifudi hasa, na "sideling", yaani kiubavuubavu, na "headling", kutangulia kichwa, ambalo baadaye lilibadilika likawa "headlong". "Darkling" lilikuwa katika kundi hilo. Mtu analala kifudifudi. Mtu anatembea "darkling". Ni mkao.

Kiambishi hicho kilipokufa, watu wakasahau kazi yake, na hapo ndipo yalipotokea mambo ya kuchekesha. Waingereza walisikia "groveling", wakadhani ni kitenzi chenye "-ing", wakakata mkia wakapata kitenzi kipya, "grovel", kugaagaa kwa unyonge. "Sideling" ikawazalia "sidle", kwenda kwa ubavu kama kaa. Tusiwacheke sana. Sisi tulipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, neno ambalo "ki" yake ni sehemu ya mzizi, tukaifanya kiambishi cha ngeli na kutoa "vitabu" bila aibu. Kwenye barabara za Tanzania tuna kipilefti na vipilefti, vilivyotokana na kibao cha kuwaambia madereva washike kushoto. Lugha husikia inachotaka kusikia.

Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, alifika kwenye neno hili na kukwama. Aliandika kwamba linaonekana limetokana na kitenzi "darkle", lakini kitenzi hicho yeye hajawahi kukiona popote. Napenda sana uungwana huo: mtunzi wa kamusi anamtaja mzazi wa neno kisha anakiri kuwa mzazi huyo hayupo. Kilichofuata ni kwamba washairi wa karne ya 19 walimzaa. Wakaanza kuandika "darkle", kuingia giza, kana kwamba kilikuwepo siku zote, na mwaka 1939 James Joyce akakitumia katika riwaya yake Finnegans Wake pale usiku unapowashukia wanyama na watu. Mtoto akawatangulia wazazi wake kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Katika kamusi hiyohiyo Johnson aliongeza kuwa hili ni neno la kishairi tu. Kwa Mwingereza wa kawaida huenda hilo ni tusi la heshima. Kwetu si kitu cha kushangaza. Anayesoma Al-Inkishafi anafika penye magofu ya Pate, mahali ambapo "husikii hisi wala ukeme", na analielewa "ukeme" kwa sababu anacho kitenzi "kemea" mdomoni kila siku, lakini hatalisikia sokoni maisha yake yote. Maneno ya aina hiyo hubaki hai kwa kupokezwa mshairi kwa mshairi. Anayelitumia hulipata pamoja na vivuli vya waliolitumia kabla yake, apende asipende. Ndiyo maana historia ya "darkling" inaweza kufuatwa nyayo kwa nyayo, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa neno kama "usiku".

Shakespeare mwenyewe alilitumia kwingine pia. Katika A Midsummer Night's Dream, Helena anamkimbilia Demetrius msituni usiku na kumuuliza kama kweli atamwacha "darkling". Demetrius anamjibu abaki hapohapo, yeye anakwenda peke yake. Hapo neno liko kazini kabisa, juu ya mwanamke aliyeachwa. Katika Antony and Cleopatra analitupa juu ya pwani nzima ya dunia, jua likiombwa liunguze anga. Ni kubwa mno kwangu.

Lakini aliyelibadilisha neno hili ni mshairi John Milton. Kufikia mwaka 1652 alikuwa kipofu kabisa. Paradise Lost, utenzi wake mrefu uliotoka mwaka 1667, aliutunga kichwani usiku na kuwasomea waandishi asubuhi. Mmoja wa waliomwandikia wasifu mapema anasema mwandishi akichelewa, Milton alilalamika kwamba anataka kukamuliwa. Mwanzoni mwa kitabu cha tatu anaacha kidogo kusimulia habari za mbingu na jehanamu, anaigeukia nuru yenyewe na kuisalimia, kisha anamwambia msomaji wazi kwamba nuru hiyo haimfikii. Majira yanarudi kila mwaka, anasema, ila kwake haurudi mchana. Katikati ya maombolezo hayo anajifananisha na ndege akeshaye, yaani nightingale, anayeimba "darkling" akiwa amejificha kwenye kichaka kizito. Mpaka hapo neno lilikuwa la mtu aliyepungukiwa: mshumaa umezimika, mpenzi ameondoka. Milton analigeuza kuwa hali ya kazi. Ndege hasubiri kupambazuke ndipo aimbe. Giza ndilo saa yake.

(Anamwita ndege huyo "yeye" wa kike, kwa kufuata hadithi za Kigiriki. Kwa kweli anayeimba usiku ni dume, anayetafuta mwenza. Milton angekuwa amesoma habari za ndege za leo huenda asingejali.)

Johnson naye, kabla ya kamusi, alilitumia katika shairi lake la mwaka 1749 juu ya ubatili wa matamanio ya binadamu. Anauliza kama mtu, katika ujinga wake uliotulia, lazima aporomoke "darkling" na mkondo wa majaaliwa. Sikia kile kielezi cha zamani kinavyorudi: mtu anaviringika, na namna anavyoviringika ni hiyo, haoni anakokwenda. Ni jambo la ajabu kwamba aliyelitumia kwa usahihi namna hiyo alishindwa kujua lilikotoka. Sikio lake lilikuwa linajua zaidi ya kamusi yake.

Sasa John Keats. Majira ya kuchipua ya mwaka 1819, Hampstead, kaskazini mwa London. Keats alikuwa na umri wa miaka 23. Desemba iliyotangulia alikuwa amemzika mdogo wake Tom, aliyekufa kwa kifua kikuu baada ya Keats kumuuguza kwa miezi. Alikuwa amesomea tiba katika hospitali ya Guy's, kwa hiyo alijua anachokitazama. Rafiki yake Charles Brown, aliyekuwa akiishi naye, alieleza baadaye kwamba ndege yule, nightingale, alijenga kiota karibu na nyumba yao, na asubuhi moja Keats alichukua kiti akakaa chini ya mplamu kwa saa mbili au tatu, akarudi ndani na vipande vya karatasi mkononi. Shairi lililotoka humo ni la usiku, ingawa liliandikwa mchana. Katika ubeti wa tano mshairi haoni maua yaliyo miguuni pake. Anayakisia moja moja kwa harufu. Ubeti wa sita unafunguka kwa maneno matatu: "Darkling I listen". Gizani nasikiliza.

Keats aliisoma Paradise Lost kalamu mkononi. Nakala aliyoijaza mistari na maandishi yake ipo bado. Hakulipata neno hili kwa bahati. Kwa Milton ndege ndiye aliye gizani, naye anaimba. Keats analinyofoa neno kutoka kwa ndege na kulivaa mwenyewe: anayeimba yuko juu, huru, na msikilizaji ndiye aliye "darkling". Katika mstari huohuo na unaofuata anasema kwamba mara nyingi amekipenda kifo nusunusu. Ukijua habari ya Milton, unasikia jinsi kijana huyu anavyokataa cheo. Kipofu mzee alijiita ndege. Keats anajiita masikio. Hajioni kama mwimbaji usiku ule, na akifa, anasema, ndege ataendelea kuimba na yeye atakuwa udongo usiosikia. Alikufa Roma Februari 1821, ana miaka 25.

Kuna jambo moja juu ya ndege huyu ambalo walimu wetu wa fasihi hawakututajia, na nilipolijua nilifurahi kama mtoto. Nightingale wa Uingereza hawakai kule mwaka mzima. Wanakuja Aprili wakitokea Afrika Magharibi, na majira ya joto yakiisha wanarudi. Yule aliyemwimbia Keats alikuwa amevuka Sahara wiki chache tu kabla. Binamu yake wa karibu, thrush nightingale, azaliwaye Ulaya ya mashariki na kwingineko, hupita kwetu. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwakamata kwa nyavu na kuwavisha pete ndege wahamiaji, hasa Novemba na Desemba, katika usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wanapovutwa na taa za hoteli. Binamu huyo ni mmoja wa wanaonaswa kwa wingi. Wanasafiri usiku. Kama kuna kiumbe anayestahili kuitwa "darkling" kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, ni huyo aliye juu ya Tsavo saa tisa usiku, akielekea kusini.

Nirudi nyuma, miaka minne kabla ya shairi la Keats. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo, ulilipuka, na vumbi pamoja na gesi zake zikaenea angani hata mwaka 1816 ukaitwa Ulaya mwaka usio na kiangazi. Julai ya mwaka huo mshairi Byron alikuwa kando ya ziwa Geneva, mvua hazikatiki, mchana taa zinawashwa. Hakuna aliyejua sababu wakati ule. Aliandika shairi ambalo ndani yake jua limezimika na nyota zinatangatanga "darkling" angani, bila miali wala njia. Kitu ambacho kazi yake ni kutoa mwanga sasa ndicho kipofu. Nadhani baada ya chale wa Lear hapa ndipo neno lilipotumiwa kwa ukatili mkubwa kuliko pote, na ni kwa sababu Byron amelishika kwenye mkao wake: nyota zinatembea, na hazioni.

Matthew Arnold analipeleka kwingine. Dover Beach ilichapishwa mwaka 1867, ingawa inadhaniwa iliandikwa kama miaka kumi na mitano kabla. Mistari yake ya mwisho inajulikana sana: tuko hapa kama kwenye uwanda "darkling", ambapo majeshi yasiyojua yanagongana usiku. Inaaminika anakumbuka vita vya Epipolae karibu na Siracusa, kisiwani Sicilia, mwaka 413 kabla ya Kristo, Waathene walipopigana chini ya mbalamwezi, wakaona miili bila kutambua nyuso, mwisho wakauana wenyewe kwa wenyewe. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, alikisimulia kisa hicho, na baba yake Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby, ndiye aliyemhariri Thucydides kwa wasomaji wa Kiingereza.

Ni mistari mizuri. Lakini angalia neno limekalia nini. Limekalia uwanda. Askari wamepewa neno jingine, "ignorant", yaani wasiojua, na "darkling" limegeuka kivumishi cha mandhari, likimaanisha karibu sawa na "wenye giza". Arnold ameliokoa kwa kuweka watu pale pale kando yake, lakini mlango umefunguliwa. Baada yake walikuja wengi walioliweka juu ya mabonde, mabwawa, misitu, anga, popote palipohitaji silabi mbili za huzuni. Siku hizi vitabu vya fantasia na michezo ya kompyuta wanalitumia kama jina la viumbe wa giza, vibwengo wabaya wenye meno, kwa sababu sikio la leo linasikia ile "-ling" ya kinda la bata: kajitu kadogo ka gizani. Siwalaumu. Ni kipilefti kingine.

Wataalamu wa wadudu ndio walionishangaza kwa uaminifu wao. Familia kubwa ya mbawakawa, yenye spishi zaidi ya elfu ishirini, kwa Kiingereza huitwa "darkling beetles". Jina lao la kisayansi, Tenebrionidae, linatokana na neno la Kilatini la mtu apendaye giza. Wengi hujificha mchana chini ya mawe na magome. Wale wa jangwa la Namib wamo humo pia: yule anayepanda kileleni mwa kilima cha mchanga alfajiri, anainamisha kichwa na kuinua makalio, ukungu unagandia mgongoni, matone yanamshukia mdomoni. Kichwachini kabisa. Ndugu zake wengine katika jangwa hilohilo hukimbia juani saa sita mchana, na bado wanaitwa "darkling". Jina la ukoo halibadiliki kwa tabia ya mtoto.

Nimemweka Thomas Hardy mwisho kwa sababu kwake neno limefanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Tarehe 29 Desemba 1900 gazeti la The Graphic lilichapisha shairi lake lenye kichwa kinachotaja kitanda cha mauti cha karne. Ni jioni ya baridi, mshairi ameegemea lango la msitu, nchi imelala mbele yake kama maiti ya karne ya 19. Ghafla ndege mzee, thrush, mwembamba, manyoya yamevurugwa na upepo, anaanza kuimba kwa furaha isiyo na mipaka. Mshairi hajui kwa nini. Anahisi ndege anajua tumaini fulani ambalo yeye halijui.

Mwaka uliofuata Hardy alipoliingiza shairi kitabuni alibadilisha kichwa. Likawa The Darkling Thrush. Hakuna mahali pengine ndani ya shairi zima neno hilo linapotokea. Lipo kwenye kichwa tu. Alilitoa kwa Keats na Milton akalibandika nje ya mlango, ili msomaji aingie akiwa tayari amesikia sauti za wale wawili. Na amelirudisha kwa ndege, kama Milton.

Wengi husoma hapo kuwa ndege ndiye aliye gizani na bado anaimba, na wanalichukua kama shairi la matumaini. Mimi naona kichwa kinatutega. Soma mistari ya mwisho tena: ndege anajua, mtu hajui. Asiyeona ni yule mwenye miaka 60 aliyeegemea lango, na kichwa kimemtaja mwenzake. Hardy hakuwa mtu wa matumaini ya bure, na alipenda kupanga vitu. Chini ya shairi kitabuni aliandika tarehe 31 Desemba 1900, siku ya mwisho ya karne, wakati wasomaji wa The Graphic walikuwa wamekwisha kulisoma siku mbili kabla.